Kipeo cha Daftari Si Mpaka wa Mvua

Wanachama wenzangu,



Katika mkutano wa Halmashauri uliopita ilikatwa shauri kwamba ghala letu jipya la karafuu, litakalojengwa kule bondeni karibu na njia ya gatini, sakafu yake iinuliwe shubiri moja juu ya alama ya maji makubwa kabisa yaliyopata kuonekana pale. Alama hiyo ilitolewa katika daftari letu, ambamo huandikwa mvua ya kila siku na, baada ya mvua kubwa, mahali maji yalipofika bondeni. Aliyeleta pendekezo hilo ni mimi Katibu, na aliyeliandika katika kumbukumbu za mkutano ni mimi vilevile. Leo naandika kuwaambieni kwamba nilikosea, na kuwaombeni mlikatae pendekezo langu katika Mkutano Mkuu ujao.

Najua wako watakaosema kuwa Katibu ana ndimi mbili. Haidhuru. Afadhali katibu mwenye ndimi mbili kuliko ghala lenye maji mawili, ya juu na ya chini. Lakini naomba mnisome mpaka mwisho, kwani jambo lenyewe ni la hesabu, na hesabu yake si ngumu. Mtoto wa darasa la sita aweza kuifuata.

Kosa langu nilifunuliwa mbali na bahari. Dada yangu ameolewa na mwalimu wa hesabu, na kazi imempeleka mumewe Kabanga, katika Wilaya ya Kasulu, Mkoa wa Kigoma, kwenye nyanda za juu za Buha. Dada alipojifungua nilikwenda kumtazama. Ni nchi ya maharage, migomba, mihogo na kahawa. Mkarafuu hakuna hata mmoja, na aliyenisikia nikitaja majamvi ya kuanikia alidhani nauza mikeka.

Jioni moja shemeji alinionyesha karatasi aliyowachorea wanafunzi wake, ya mvua ya mwaka. Kabanga hawana Masika na Vuli kama sisi. Mvua yao huanza mwezi wa Oktoba au Novemba, hukatika mwezi wa Mei, kisha ni kiangazi mpaka Septemba. Ukiichora hupata kilima kimoja kipana. Akaniambia, "Nichoree ya Pemba, shemeji." Nikachora vilima viwili: kirefu cha Masika, katika Aprili na Mei, na kifupi cha Vuli, karibu na Novemba.

Akaniuliza, "Kipeo chenu kiko wapi?"

Nikajibu, "Kinajulikana, ni Masika."

"Na karafuu zenu mwaanika Masika?"

Hapo nilinyamaza. Kila mwanachama ajua kuwa uchumaji wetu mara nyingi huingia ndani ya Vuli, na kwamba karafuu iliyo jamvini yataka jua la siku kadhaa mfululizo. Ikinyeshewa na kulala na maji hupoteza rangi, hushika ukungu, na bei yake huanguka. Basi kilima kinachotuumiza juu ya jamvi ni kile kifupi. Anayetafuta kipeo cha mwaka mzima huondoka na Aprili mkononi, na Novemba humpiga kisogoni. Ndipo shemeji akasema kuwa neno "kubwa kabisa" peke yake halina maana mpaka useme ni kubwa kabisa la nini, la kipindi gani, na kwa kazi gani. Mvua kubwa ya siku moja, ya mwezi na ya mwaka ni vipeo vitatu mbalimbali, na vyaweza kuangukia miaka mitatu mbalimbali. Mtaro wa maji huogopa mvua ya saa moja. Mkarafuu mchanga huogopa mwaka wa ukame. Jamvi huogopa manyunyu ya siku tano yasiyofikia kipeo cho chote.

Hilo ni la kwanza. La pili ndilo lililonifanya niandike barua hii.

Nilimweleza shemeji habari ya ghala letu, na kwamba daftari letu lina miaka 11, na kwamba tumepima kwa maji makubwa ya miaka hiyo, tukaongeza shubiri. Akauliza ghala twatazamia lidumu miaka mingapi. Nikasema, tukijaliwa, miaka 33 au zaidi. Akachukua karatasi akaikata vipande 44, akaandika juu yake namba kuanzia 1 mpaka 44, akavitia katika kapu. Akasema, "Kila kipande ni mwaka mmoja, na namba ni ukubwa wa mvua yake. Hii 44 ndiyo mvua kubwa kuliko zote. Sasa toa vipande 11 bila kutazama. Hiyo ndiyo miaka ya daftari lenu. Vinavyobaki ndani ni miaka 33 ya ghala."

Nikatoa. Namba 44 haikuwamo. Tukarudisha, tukakoroga, tukatoa tena, na watoto wa jirani wakaja kutazama. Katika mara 20 tulizocheza, namba 44 ilitoka mara 6 tu katika vile 11 vya mwanzo. Mara 14 ilikuwa imebaki kapuni, yaani mbele yetu.

Hesabu yake ni hii. Namba kubwa kabisa yaweza kuwa katika kipande cho chote, wala haina mapenzi na miaka iliyopita kuliko ijayo. Vipande vilivyo mkononi ni 11 katika 44, yaani robo. Vilivyobaki ni 33 katika 44, yaani robo tatu. Kwa hiyo, hata kama mvua haitabadilika tabia yake kamwe, ziko bahati tatu katika nne kwamba mvua kubwa kuliko zote za daftari letu itanyesha ghala likiwa limesimama. Mimi nilikuwa nimewaandikieni ghala la kutegemea ile bahati moja iliyobaki.

Tazameni pia mwaka mmoja mmoja. Mwenye daftari la miaka 11 ana bahati moja katika 12 kwamba mwaka ujao utaivunja rekodi yake. Mwenye daftari la miaka 100 ana bahati moja katika 101. Daftari refu ni rafiki mkweli kuliko daftari fupi, lakini hata hilo refu halisemi "maji hayatapita hapa", lasema tu "sijayaona yakipita." Ndiyo tofauti ya kipeo na mpaka. Kipeo ni kile kilichofikiwa na kuandikwa. Mpaka ni kile kisichoweza kupitwa. Mimi nilichukua kipeo nikakiita mpaka, na Halmashauri nzima ikaitikia amina.

Siku chache baadaye shemeji alinichukua hadi Ujiji, na huko nikaona jambo hili kwa macho. Mito mingi ya Kasulu humwaga maji yake katika Malagarasi, na Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo lina njia moja tu ya kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo. Katika karne ya 19 njia hiyo ilikuwa imezibwa na matope na majani, na ziwa likawa linapanda mwaka hata mwaka. Stanley alipokutana na Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, michikichi ilikuwa nchi kavu sokoni. Aliporudi mwaka 1876 aliikuta imesimama ndani ya maji. Ziwa lilifikia kipeo chake karibu na mwaka 1878, kisha likabomoa kizuizi cha Lukuga, likashuka meta 10 hivi katika miaka iliyofuata.

Sasa mfikirieni mtu aliyeanza daftari lake la ziwa mwaka 1900. Kipeo cha karne yake yote kingekuwa cha mwaka 1964, baada ya mvua kubwa za 1961 na 1962. Angeweka jiwe pale na kuwaambia wajukuu wake, "Jengeni juu ya hapa, mko salama." Na kumbe chini ya miaka 90 kabla ya hapo ziwa lilisimama meta kadhaa juu ya jiwe lake. Na katika miaka ya 2020 hadi 2024 ziwa limepanda tena, likaingia katika majengo ya mwambao, likakikaribia kile kipeo cha 1964. Waliojenga karibu na maji hawakuwa wajinga. Walikuwa na daftari fupi, kama sisi.

Lakini kwani tuna haja ya kwenda Ujiji? Sisi wenyewe ni watoto wa kipeo. Mnamo tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, karibu digrii 6 tu kusini mwa ikweta, mahali ambapo mabaharia walikuwa wakiamini kuwa vimbunga havifiki. Sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja ililala chini kwa siku moja. Pemba iliponea, na baada ya hapo karafuu ikapandwa kwetu kwa wingi, mpaka kisiwa chetu kikawa ndicho kinachoongoza. Mashamba tunayojivunia yalipata sifa yake kwa sababu ya siku moja ambayo haikuwamo katika daftari la mtu ye yote. Miaka 80 ikapita. Aprili 1952 kimbunga kikaipiga Lindi. Miaka mingine zaidi ya 70 ikapita. Mei 2024 kimbunga Hidaya kikasogea mpaka pwani yetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatoa onyo, na kwa rehema za Mungu kikapungua nguvu kilipofika upande wa Mafia. Mwenye daftari la 1953 hadi 2023 angeweza kuapa kuwa pwani ya Tanzania haina vimbunga.

Yako mambo mawili katika habari hii ambayo watu huyapotosha, na yafaa niyaseme.

La kwanza, si kila rekodi ikivunjwa dunia imeharibika. Mwaka wa kwanza wa daftari lo lote ni rekodi kwa lazima, maana hauna mwenzake. Wa pili una bahati nusu ya kuushinda. Wa tatu, theluthi. Wa nne, robo. Jumlisheni moja, na nusu, na theluthi, na robo, hata sehemu moja ya 11, mtapata 3 na kidogo. Basi daftari la miaka 11 kuwa na rekodi tatu si ajabu wala si balaa, ni hesabu. Hata katika miaka 100 zingetazamiwa rekodi 5 hivi tu. Lakini zikizidi sana, na zikija mfululizo mwishoni, hapo yafaa kushuku kwamba kuna anayetia vipande vipya vyenye namba kubwa ndani ya kapu. Ndivyo ilivyo kwa joto la dunia. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kuwa mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote tangu vipimo vilipoanza kukusanywa mwaka 1850, na kwamba miaka 10 yenye joto kuliko yote hadi wakati huo ilikuwa ile 10 ya 2015 hadi 2024. Kapu lililokorogwa sawasawa halitoi vipande namna hiyo. Na hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, na mvuke ukishuka ndiyo mvua. Kwa hiyo zile bahati tatu katika nne nilizozitaja ni hesabu ya mtu mpole. Ya kweli yaweza kuwa kali zaidi.

La pili, kipeo hutegemea kipimo kimoja tu. Ukikosea siku moja katika wastani wa mwaka, kosa hilo humezwa na siku nyingine 364. Ukikosea siku moja na kosa hilo likawa kubwa kuliko yote, ndilo litakalotawala daftari. Pale El Azizia, nchini Libya, tarehe 13 Septemba 1922 iliandikwa digrii 58 za sentigredi, na kwa miaka 90 vitabu vya dunia nzima vikasema hilo ndilo joto kubwa kabisa lililopata kupimwa. Mwaka 2012 wataalamu waliifuta baada ya kuchungua kumbukumbu na kuona kuwa huenda mpimaji hakukizoea chombo, akakisoma vibaya. Taji likarudi kwa digrii 56.7 za tarehe 10 Julai 1913, katika bonde la Death Valley kule Marekani. Nasi katika daftari letu yako mahali mwandiko umefutwa na kuandikwa juu yake, na ziko siku hazikuandikwa kitu, hujui ni kwa sababu mvua haikunyesha au kwa sababu mpimaji alikuwa harusini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari bovu nalo hupoteza mali, tena kwa habari za uongo.

Sasa niwajibu wale watakaonipinga, maana nimekwisha kuwasikia barazani.

Mmoja asema, "Kama kipeo cha kesho hakijulikani, tutajenga mpaka wapi, mbinguni?" La. Simwambii mtu ajenge kwa mvua ya Réunion, kisiwa cha bahari yetu hii ya Hindi, ambako mahali paitwapo Foc-Foc, Januari 1966, ilinyesha milimita 1,825 kwa saa 24 tu, karibu sawa na mvua ya Pemba ya mwaka mzima. Kule ni milima mirefu na vimbunga, kwetu sivyo. Nasema tupime kila kitu kwa hasara yake. Sakafu ya kuanikia ikifunikwa na maji mara moja katika miaka mingi, tutaondoa majamvi, tutafagia, tutaanika tena. Hiyo na ibaki kama ilivyopangwa. Lakini sakafu ya ghala ikiingia maji wakati gunia zimepangwa mpaka darini, hatupotezi siku moja; twapoteza jasho la wachumaji, ada za watoto shuleni na deni la kila mwanachama kwa msimu mzima. Hapo shubiri moja ni mzaha.

Mwingine asema, "Fedha hakuna." Kweli ni haba. Lakini mawe ya msingi hununuliwa mara moja, na ghala likishasimama huwezi kuliinua. Katika mpango wa jengo iko baraza ya mbele ya kukalia wageni. Naomba baraza hiyo ingoje. Wageni wetu wakae kwenye mkeka kama tunavyokaa sisi, na mawe ya baraza yaende chini ya gunia.

Wa tatu, naye ni mzee ninayemheshimu sana, aliniambia, "Mwanangu, mvua ni ya Mwenyezi Mungu, wewe wataka kuihesabu?" Nilimjibu, "Mzee wangu, shikamoo. Mvua ni Yake, na ghala ni amana yetu." Sote tulisoma chuoni habari ya yule bedui na ngamia wake, na tuliambiwa kutegemea kunakuja baada ya kufunga kamba. Kuhesabu si kumwekea Mungu mpaka. Aliyemwekea mpaka ni mimi, nilipoandika kuwa maji hayatapita alama ile.

Basi mapendekezo yangu mapya, nitakayoyaleta mbele ya Mkutano Mkuu, ni haya:

Kwanza, sakafu ya ghala iinuliwe dhiraa mbili juu ya alama ya daftari, badala ya shubiri moja, na baraza ya mbele iahirishwe.

Pili, kabla ya kuchimba msingi, Halmashauri iiombe Mamlaka ya Hali ya Hewa vipimo vya mvua vya kisiwa chetu vya miaka mingi kadiri vinavyopatikana, ili tusitegemee miaka 11 yetu tu.

Tatu, wazee wa bonde lile, wake kwa waume, waulizwe maji yalifika wapi zamani, kwenye mti gani, ukuta gani, kaburi gani. Kumbukumbu ya bibi wa miaka 80 si ya milimita, lakini ni ndefu mara saba kuliko daftari letu.

Nne, kila tawi linunue chombo cha kupimia mvua, kiwekwe peupe mbali na miti na paa, kisomwe kila siku saa tatu asubuhi na mtu mmoja aliyechaguliwa, naye atie sahihi yake. Siku isiyo na mvua iandikwe sifuri, isiachwe tupu. Kosa lipigwe mstari mmoja na lisahihishwe pembeni, lisifutwe. Na mwisho wa mwaka ziandikwe mvua kubwa ya siku moja ya Masika na ya Vuli, kila moja mahali pake, kwa kuwa tumekwisha kuona kilima kifupi ndicho kinachotunyeshea majamvi.

Kazi hii ni ndogo, na faida yake hatutaiona mwaka huu wala ujao. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Watoto wetu watakaorithi mikarafuu hii watakuta daftari la miaka 40 au 50 badala ya 11, na Katibu wao, atakapotaka kuandika neno "kubwa kabisa", atakuwa na haki ya kulitumia kwa ujasiri kidogo kuliko mimi.

Nawaomba mje kwa wingi, na mje na hoja. Atakayekuwa na mashaka juu ya zile bahati tatu katika nne, vipande vyangu 44 viko ofisini ndani ya kapu. Aje acheze mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wenu